Bibi Alisema Nini? Kutafuta Neno Ndani ya Kurasa 187

Safu ya leo inahusu kompyuta, lakini usikimbie kwanza. Inahusu pia bibi yangu, mama yangu, na neno moja ambalo nilikuwa naliandika vibaya tangu nina miaka kumi na tisa.

Kwenye kompyuta yangu kuna faili linaitwa Bibi. Lina kurasa 187. Bibi aliishi Ngamiani, Tanga, na miaka yake sita ya mwisho alikuwa ananitumia sauti kwenye WhatsApp karibu kila wiki. Dakika tatu, dakika saba, siku moja dakika ishirini na mbili mpaka simu yake ikazima chaji. Nilikuwa nazisikiliza kwenye basi namba 54 la Lawrence East, halafu usiku nakaa naziandika neno kwa neno. Kila sauti niliipa namba na tarehe.

Nilianza ili nijifunze. Si unajua Kiswahili chetu sisi wa Scarborough: tunasikia kila kitu, hata yale ambayo wazee wanadhani hatusikii, ila tukijibu tunajibu kwa Kiingereza. Kuandika kulinilazimisha nikae na kila sentensi mpaka niielewe. Au, mara nyingine, mpaka nichoke niende kulala.

Bibi alifariki mwaka jana. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri, na huku kwetu ilikuwa bado asubuhi. Hakuna ndege ya kukuwahisha maziko kama hayo. Mama alisimama jikoni na simu sikioni, akisikiliza watu wakisoma dua makaburini, mpaka chai ikakauka kwenye sufuria.

Miezi minne baadaye akaja chumbani kwangu.

"Mwanangu."

"Abee, Mama."

"Humo kwenye makaratasi yako ya Bibi, kuna mahali alisema kanisamehe?"

Lazima niwaeleze kidogo. Mama aliondoka Tanga mwaka 1994 akiwa ameolewa na mwanaume ambaye Bibi hakumtaka. Mwanaume mwenyewe ni baba yangu, samahani Baba. Waliagana vibaya. Baadaye walikuja kuzungumza kwenye simu kwa miaka mingi: watoto hawajambo, mchele umepanda bei, mvua imenyesha, presha imeshuka. Ile siku ya kuagana hawakuitaja hata mara moja. Sasa mmoja hayupo, na mwingine amesimama mlangoni kwangu na kanga mabegani, ananiuliza mimi.

Nikamwambia, "Nitatafuta, Mama." Nilidhani ni kazi ya sekunde mbili. Bonyeza Ctrl+F, andika "samehe", basi.

Yakatoka majibu 231.

Kumbe Bibi alikuwa anafunga karibu kila sauti kwa "Mola atusamehe sote". Ongeza na "nisamehe mjukuu wangu, jana nilisinzia", na "tusameheane kwa Ramadhani", na "jirani kasamehewa deni". Kompyuta haikukosea. Niliomba herufi sita, nikaletewa herufi sita popote zilipo. Tatizo lilikuwa swali langu. Mimi sikutaka neno samehe. Nilitaka Bibi, yeye mwenyewe, akiwa amemsamehe mtu mmoja.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotofautiana na lugha tunayoandikia kazi za shule. Kwa Kiingereza kitenzi kinaanza na sehemu unayoikumbuka, na mabadiliko mengi yanakuja mkiani. Kwetu mzizi umekaa katikati kama bi harusi, wapambe mbele na nyuma. Nani anafanya, lini, kwa nani, amekubali au amekataa: mambo hayo karibu yote yanakaa mbele ya mzizi. Nilimsamehe. Hatukuwasamehe. Sijakusamehe. Ukitafuta mzizi peke yake, umewaacha nje watu wote waliomo kwenye sentensi.

Dawa yake inaitwa rejeksi. Ni namna ya kuandika unachokitafuta kama umbo badala ya neno: hapa mwanzo wa neno, hapa hiki au kile, hapa kitu kinachoweza kuwepo au kutokuwepo. Programu nyingi za kuandikia zinazo. Mimi natumia LibreOffice Writer: unabonyeza Ctrl+H, unafungua sehemu ya chaguo nyingine, unaweka tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa Regular expressions. Watu wengi hawajawahi kukigusa kisanduku hicho. Mimi nilikigusa baada ya kuumia.

Niwaambie nilivyoumia. Kiangazi kilichopita binamu zangu waliomba niwatumie faili lote. Ndani yake kuna mambo ya ndugu yetu mmoja, Ali. Kila ukoo wa pwani una Ali wake, na wetu asingependa yasomwe mpaka Mississauga. Nikasema nitambadilisha jina: kila penye Ali iandikwe Mjomba. Nikabonyeza kubadilisha yote, nikahifadhi, nikafunga, nikalala vizuri kabisa.

Asubuhi nafungua nasoma: "Mjombakuja jana Mjombasema serikMjomba imepandisha bei ya asMjomba."

Usicheke. Au cheka, binamu zangu bado wanacheka. Fikiria "ali" imo mahali pangapi: alikuja, alisema, alipika, mali, hali, kali, swali, serikali, asali. Mtu wa tatu mmoja katika wakati uliopita ni a-li, na Bibi maisha yake yote alikuwa anasimulia nani alifanya nini. Niliokolewa na nakala niliyokuwa nimejitumia kwa barua pepe wiki moja kabla, ila kazi ya usiku tatu ilipotea. Ningekuwa nimeandika hivi, yasingenikuta:

\bAli\b

Ile \b ni mpaka wa neno. Maana yake: hapa neno linaanza, au hapa neno linaishia. Sio herufi, ni mahali. Ukiweka mpaka pande zote mbili, na ukaweka tiki ya kutofautisha herufi kubwa na ndogo, unampata Ali mwenyewe na unaiacha asali salama.

Sasa kabla sijarudi kwa Mama, jambo moja la kujivunia mji wetu. Hesabu ya rejeksi iliasisiwa na Mmarekani Stephen Kleene katika andiko lililochapishwa mwaka 1956, na aliyeiingiza kwenye kazi ya kutafuta maandishi kwa kompyuta ni Ken Thompson, ambaye alichapisha njia yake mwaka 1968. Lakini ukifuata waliofuata, unajikuta mtaa wa St. George hapa Toronto. Brian Kernighan alizaliwa mji huu mwaka 1942, akasoma Chuo Kikuu cha Toronto. Alfred Aho alizaliwa Timmins, kaskazini mwa Ontario, akasoma chuo hichohicho. Wote wawili wakaenda Bell Labs, na mwaka 1977 pamoja na Peter Weinberger wakatengeneza AWK, lugha ya kuchambua maandishi iliyojengwa juu ya rejeksi. Jina lake ni herufi za kwanza za majina yao matatu. Aho pia ndiye aliyeandika egrep, programu ya kutafuta. Kisha mwaka 1986 Henry Spencer, akiwa Chuo Kikuu cha Toronto, akaandika toleo lake la rejeksi akaligawa bure, na Larry Wall akalichukua kujengea lugha ya Perl. Kwa hiyo siku ukipita pale chuoni kwenda kula shawarma, ujue unapita karibu na chimbuko.

Na usidhani Waswahili hatumo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wenye makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ninayoitumia ilitoka ubavuni mwa OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Na huko Helsinki, Finland, Arvi Hurskainen alitengeneza SWATWOL, programu inayochambua neno la Kiswahili kiungo kwa kiungo, kwa hesabu ya ukoo mmoja na hii ya Kleene. Yaani lugha yetu na hesabu hii wanafahamiana zamani. Sisi ndio tumechelewa kutambulishwa.

Turudi chumbani. Nilijiuliza: Bibi angesema nini hasa? Angejisema yeye, ni-. Ingekuwa imeshatokea, -li- au -me-. Labda angeongeza -sha-, kwamba yalishakwisha. Angemtaja mtu mmoja, -m-. Nikaandika:

\bni(li|me)(sha)?m?samehe

Isome polepole, utaona unaijua. Neno linaanza. Kisha ni. Kisha li au me, kwa sababu ule mstari wa kusimama maana yake ni "au". Kisha sha, na alama ya kuuliza inasema ikiwepo sawa, isipokuwepo sawa. Kisha m, nayo vilevile. Kisha mzizi. Hapo unapata nilimsamehe, nimemsamehe, nimeshamsamehe, nilishamsamehe, nilisamehe.

Nataka nisimame hapa kidogo. Mimi nilifeli jaribio la sarufi kwenye darasa la Kiswahili la Jumamosi mara mbili. Mwalimu alikuwa anachora visanduku ubaoni: kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa. Sikuelewa kitu. Usiku ule nilivichora visanduku vilevile mwenyewe, bila kulazimishwa, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumtafuta. Na sikuhitaji kitabu. Nilijua kwamba -sha- inakaa baada ya -me-, sio kabla, kwa sababu ukiigeuza sikio langu linakataa. Sarufi nilikuwa nayo tayari. Nilikosa sababu ya kuitoa nje.

Kutoka majibu 231 nikabaki na tisa. Nikayasoma yote. Alimsamehe fundi cherehani aliyemharibia kitambaa. Alimsamehe mtoto wa jirani, mara tatu, kwa makosa matatu tofauti. Alimsamehe marehemu babu kwa jambo ambalo silisemi hapa. Mama yangu hakuwemo.

Sasa, kama ni-li-m- ipo, basi na ile nyingine ipo. Unajua ninayoisema. Nikaandika:

\bsi(ku|ja|ta)?m?samehe

Sikumsamehe. Sijamsamehe. Sitamsamehe. Simsamehe. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Kwa sababu ukishauliza hivyo, kompyuta haina huruma. Haikupi jibu kwa mafumbo kama shangazi. Na nikijua, nitamwambia nini Mama?

Nikabonyeza. Jibu moja.

"Yule aliyeniuzia mbuzi mgonjwa sikumsamehe mpaka kesho."

Nilicheka peke yangu saa saba za usiku, halafu nikalia kidogo.

Asubuhi nikamwambia Mama ukweli: nimetafuta pote, hakusema kwamba amekusamehe, wala hakusema kwamba hajakusamehe. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati. Akaendelea kukanda.

"Umetafuta neno gani?"

"Samehe."

Akaacha kukanda, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Mama yangu mimi? Mzazi wa Tanga haendi kumwambia mwanawe nimekusamehe, mwanangu. Hilo la majirani. Mzazi anatoa radhi."

Radhi. Nililisikia neno hilo utoto wangu wote, kwenye ndoa, kwenye simu za Idi, na sikuwahi kujua kwamba ni kitu unachoweza kuwa nacho au kukikosa. Wale mnaotoka familia za pwani mtanielewa: mtu anaweza kuwa na pesa, elimu na nyumba Markham, lakini kama hana radhi za wazazi, wakubwa watakuambia hajapata kitu.

Nikarudi kwenye faili. Nikaandika radhi, bila ufundi wowote. Majibu 96. Maradhi, maradhi, maradhi ya sukari, maradhi ya miguu, kumradhi simu ilikatika, kumradhi nakohoa. Mzee wa miaka themanini, unategemea nini? Basi nikaweka mpaka mbele, \bradhi, maradhi na kumradhi zote zikaondoka. Yakabaki matatu, yote ya miaka ya mwisho, yote ni "kuwa radhi": hayuko radhi kuuza kiwanja, yuko radhi kula ugali, yuko radhi daktari aje.

Hapo nilitaka kufunga kompyuta. Kilichonizuia ni aibu. Nilikumbuka kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa naandika kwa masikio ya Kiingereza. Sauti ya dh nilikuwa naijua vizuri, ila mkono wangu uliiandika th, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Niliandika "thahabu". Niliandika "hathi". Je, ningekuwa nimeandikaje radhi?

\bra[dt]hi

Mabano ya mraba yanasema: herufi moja tu kati ya hizi, d au t. Majibu saba. Matatu nilishayaona. Manne mapya, yote ya mwaka ule wa kwanza. Moja lilikuwa kwenye sauti namba 31, na pembeni yake mimi mwenyewe, wa miaka kumi na tisa, nilikuwa nimeweka alama ya kuuliza kwa sababu sikulijua neno:

"Usimlaumu mama yako. Yule kwangu hana deni. Rathi zangu anazo tangu siku ile anapanda ndege, ila sikumwambia, nilikuwa na hasira."

Miaka sita ilikuwa humo. Niliisikia kwa masikio yangu kwenye basi, nikaiandika kwa mkono wangu, na sikujua nimebeba nini.

Sikumsomea Mama. Nilitafuta sauti yenyewe kwa namba na tarehe, nikamwekea simu mezani karibu na unga, nikatoka nje kuondoa theluji kwenye gari. Niliondoa theluji ya gari letu, na ya gari la jirani pia. Niliporudi ndani chapati zilikuwa tayari, na Mama alikuwa anaisikiliza sauti ile kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi.

Basi, wenzangu, mambo matatu kabla hatujaagana.

La kwanza, la ufundi. Wenye Google Docs, kisanduku cha rejeksi kipo pia kwenye kutafuta na kubadilisha, na kanuni nilizoandika hapa zinafanya kazi. Wenye Microsoft Word, kwenu kuna mfumo wa alama unaofanana kidogo: mwanzo wa neno ni < na mwisho ni >, mabano ya mraba yapo, ila ule mstari wa "au" haupo, na mfumo huo unatofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwa hiyo ya radhi mtaiandika <[Rr]a[dt]hi. Na popote ulipo, kutafuta hakuharibu kitu, kubadilisha ndiko kunakoharibu. Weka nakala kwanza. Mimi sikuthubutu kugeuza kila th iwe dh, maana thamani, methali na thelathini zingeharibika zote. Nilizirekebisha moja moja.

La pili, la makosa. Kama unaandika sauti za wazee wako, usione haya kwa namna unavyoandika sasa. Andika tu. Lakini ukitafuta, mtafute na yule wewe wa zamani aliyekuwa hajui. Weka nafasi ya makosa yake ndani ya mabano.

La tatu, la mama. Rejeksi inakuletea umbo lolote unaloweza kulifikiria. Haiwezi kukuambia kwamba msamaha wa mzazi una jina lingine. Hilo nililipata kwa mtu mwenye unga mikononi, na ningeweza kumuuliza tangu mwanzo.

Kazi ya wiki hii: muulize mkubwa mmoja nyumbani kwenu, wazee wetu walikuwa wanasemaje wakitaka kusema "nimekusamehe"? Mtutumie sauti, tutazicheza kwenye kipindi kijacho. Na tafadhali mkiziandika, zipeni namba na tarehe.